Mfuko wa Safari ni Kama Ndiva: Mazungumzo na Wananchi wa Same juu ya Kupanga Matembezi ya Marafiki kwa Fedha Kidogo



Tumeombwa kuzungumza juu ya namna marafiki wanavyoweza kupanga safari ya mapumziko bila kutumia fedha nyingi. Huenda baadhi yenu mnajiuliza jambo hili linaihusu vipi ofisi ya umma. Watu wakitaka kutembea, si watembee? Tulikubali kulizungumza kwa sababu moja. Malalamiko yanayotokana na safari za pamoja huja yakiwa na hasara mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni fedha iliyolipwa kwa huduma ambayo haikupatikana. Ya pili ni urafiki uliovunjika kati ya wale waliochanga fedha hiyo. Hasara ya kwanza sheria inaweza kuifidia. Hasara ya pili haina mahakama.

Kwa hiyo neno letu la leo ni fupi, na yote yatakayofuata ni ufafanuzi wake. Safari ya gharama nafuu ni ile ambayo kila gharama imejulikana na kila mmoja ameikubali kabla fedha haijatoka mkononi. Bei ndogo iliyotajwa kwenye tangazo bado haitoshi kuifanya safari kuwa nafuu.

Safari iliyo karibu

Tuanze na swali la wapi. Wengi wetu tukisikia neno utalii tunamfikiria mgeni aliyeshuka kwenye ndege. Hata hivyo, mkazi wa Same amezungukwa na mambo ambayo wengine huvuka bahari kuja kuyaona. Nyuma ya mji huu kuna Milima ya Upare, sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, na kilele chake kirefu kuliko vyote ni Shengena, chenye kimo cha kiasi cha mita 2,460, ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome. Katika misitu ya Upare Kusini anaishi ndege mdogo ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Mbaga kuna mapango ya Mghimbi, ambamo wazee wetu walijificha wakati wa uvamizi wa wawinda watumwa. Upande wa pili, umbali mfupi kutoka mjini, liko lango la Zange la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, lililokuwa pori la akiba tangu mwaka 1951 na likapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Humo wamo faru weusi na mbwa mwitu.

Inaelezwa kwamba jina Mkomazi linatokana na maneno mawili ya Kipare yenye maana ya kijiko na maji: maji ya kuchota kwa kijiko. Tunaomba kijiko hicho kikumbukwe leo. Bajeti ndogo ni maji ya kijiko. Yanatosha kwa kiu, na hayaruhusu kumwagika.

Kundi la marafiki sita, baadhi wakiwa hapa Same, wengine wakitokea Moshi na Dar es Salaam, linaweza kukutana hapa, likalala usiku mmoja au miwili milimani, likapanda Shengena pamoja na mwongozaji, kisha likashuka kuitazama Mkomazi. Safari hiyo inawezekana kwa watu wa kipato cha kawaida. Inawezekana pia ikawa chanzo cha ugomvi wa miaka kumi. Tofauti iko katika mazungumzo yanayofanyika kabla ya kuondoka.

Aibu ya kusema "sina"

Gharama ya kwanza ambayo watu huisahau haimo katika orodha yoyote. Ni aibu.

Marafiki wanapokaa kupanga, mwenye kipato kikubwa ndiye huzungumza kwanza. Hutaja kiasi anachokiona kidogo. Wengine hutikisa kichwa kukubali. Yule asiyekuwa nacho hutikisa pia, kwa kuwa hataki kuonekana mnyonge mbele ya wenzake. Wiki zinapita, mchango wake haujakamilika, simu hapokei. Siku mbili kabla ya safari anatuma ujumbe kwamba amepata dharura. Wenzake wanasema amewaangusha. Ukweli ni kwamba hakupewa nafasi ya kusema "sina" bila kudhalilika.

Dawa yake ni nyepesi. Kabla ya kujadili mahali wala tarehe, kila mmoja amweleze mweka hazina kwa faragha kiasi cha juu kabisa anachoweza kutoa bila kukopa na bila kugusa ada ya mtoto au fedha ya pembejeo. Mweka hazina hatataja majina. Atasema tu kwamba mpango wa kundi hautazidi kiasi fulani, na kiasi hicho kitakuwa kile cha chini kuliko vyote vilivyotajwa. Anayetaka kulala kwenye chumba cha bei kubwa zaidi ajilipie nyongeza hiyo mwenyewe, bila kuibebesha wenzake.

Mfuko na ndiva

Hapa Upare hatuhitaji kwenda mbali kutafuta somo la kutunza mali ya pamoja. Wazee wetu walijenga ndiva. Maji ya kijito hukusanyika usiku. Asubuhi hufunguliwa na kupelekwa mashambani kwa zamu inayojulikana. Ndiva husafishwa kwa msaragambo, na kila mwenye shamba anajua wajibu wake. Hakuna anayefungua maji kwa kificho, na asiyeonekana siku ya kazi huulizwa.

Mfuko wa safari uendeshwe kwa desturi hiyo hiyo. Tunashauri mambo manne.

Kwanza, wachaguliwe watu wawili: mweka hazina anayepokea na kulipa, na mwingine anayekagua. Mkaguzi hawekwi kwa sababu mweka hazina anashukiwa. Anawekwa ili kumlinda, kwani mtu anayeshika fedha za wenzake peke yake hana shahidi siku atakapoulizwa.

Pili, fedha za safari zisichanganywe na fedha binafsi. Kama mnatumia simu, itumike laini isiyo ya matumizi ya kila siku ya mtu mmoja, au huduma ya akaunti ya kikundi pale inapopatikana. Makato ya kutuma na kutoa yahesabiwe kuwa sehemu ya gharama, maana bila hivyo mweka hazina atayalipa mfukoni mwake na kunung'unika kimya kimya.

Tatu, kila mchango na kila malipo yaandikwe siku hiyo hiyo, na taarifa itumwe kwa wote. Daftari la shule linatosha.

Nne, ziwepo tarehe tatu zinazojulikana: tarehe ya mchango wa kwanza, tarehe ya mwisho ya kukamilisha, na tarehe ambayo baada yake anayejitoa hawezi kudai fedha iliyokwisha kulipwa kwa watoa huduma.

Gharama za pamoja na gharama za kila kichwa

Sasa tuingie katika hesabu. Tarakimu tutakazotumia ni za mfano tu. Bei halisi mtaziulizia wenyewe.

Marafiki sita wameona tangazo la gari la kukodi: shilingi 360,000 kwa siku tatu. Wakafanya hesabu ya haraka na kuona kwamba shilingi 150,000 kwa kila mmoja zitatosha kwa safari nzima, na chenji itabaki. Walipouliza maswali, walikuta kwamba bei ile haikuhusisha mafuta, ambayo ni shilingi 120,000, wala chakula na malazi ya dereva pamoja na kiingilio cha gari hifadhini, jumla shilingi 60,000. Gari la shilingi 360,000 limekuwa la shilingi 540,000. Vyumba vitatu kwa usiku mbili ni shilingi 150,000. Hizi zote ni gharama za pamoja: shilingi 690,000, yaani shilingi 115,000 kwa kila mmoja wa watu sita.

Kisha kuna gharama za kila kichwa: chakula shilingi 30,000, viingilio na mwongozaji shilingi 20,000. Jumla imekuwa shilingi 165,000 kwa mtu. Tukiongeza akiba ya asilimia kumi kwa ajili ya pancha, dawa au mvua, tunapata shilingi 181,500. Wale waliochanga shilingi 150,000 wakaridhika, wangeishiwa fedha wakiwa bado mlimani.

Kwa nini tunazitenganisha gharama hizi? Kwa sababu ya yule rafiki wa sita. Akijitoa, chakula chake na kiingilio chake vinaondoka naye, hakuna anayeumia. Lakini gari halipungui bei kwa kuwa kiti kimoja ni kitupu, na watu watano bado wanahitaji vyumba vitatu. Shilingi 690,000 zikigawanywa kwa watano ni shilingi 138,000. Kila aliyebaki ameongezewa shilingi 23,000 ambazo hakuzipanga. Hapo ndipo maneno makali huzaliwa.

Mkubaliane mapema, kwa maandishi, jambo hili litaamuliwaje. Utaratibu wa haki tunaoupendekeza ni huu. Anayejitoa kabla ya malipo yoyote kufanyika arudishiwe yote. Anayejitoa baada ya malipo arudishiwe sehemu ya gharama za kichwa chake ambayo haijatumika, na sehemu ya gharama za pamoja arudishiwe ikiwa tu amepatikana mtu wa kuchukua nafasi yake. Akipatwa na msiba au ugonjwa, kundi liwe huru kumhurumia kutoka katika akiba. Huruma iliyopangwa mapema haimuumizi mtu.

Ugumu huu haupo Tanzania peke yake. Huko Ulaya marafiki huchangishana kila majira ya baridi kwenda milima ya Alps kuteleza juu ya theluji kwa ubao. Tangazo huwaonyesha bei ya kitanda. Wakifika, wanakutana na tiketi ya lifti ya kuwapandisha mlimani, kodi ya ubao na viatu, na bima ya kuvunjika mguu. Na mara nyingi vitu hivyo kwa pamoja huzidi bei ya kitanda. Theluji ni yao na vumbi ni letu, lakini swali la kumuuliza muuzaji ni moja: bei hii haihusishi nini?

Kabla ya kulipa malipo ya awali

Swali hilo muuzaji aulizwe kwa maandishi, naye ajibu kwa maandishi. Mwombeni ankara kifani inayoonyesha jina la biashara, tarehe, kinachotolewa, kisichotolewa, na masharti ya kurudisha fedha. Ujumbe wa simu unaoeleza mambo hayo ni bora kuliko ahadi ya mdomo. Makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali, lakini siku ya ubishi kila upande hukumbuka kilicho na faida kwake.

Mtu anayejitangaza kuwa mpangaji wa safari za utalii anatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Gari la kubeba abiria kibiashara linatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Bima ya gari inaweza kuhakikiwa kupitia mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Mfanyabiashara mwaminifu hakasiriki akiulizwa haya. Anayekasirika amewapa jibu tayari.

Tuwape mfano ambao tumeutunga kutokana na mwenendo wa kawaida wa hila za namna hii. Kijana mmoja anaona katika kundi la ujumbe wa simu tangazo lenye picha nzuri ya gari na maneno: "Nafasi ya mwisho, wahi leo." Anampigia mwenye tangazo. Anaelezwa kwamba kuna kundi jingine linalipa jioni, kwa hiyo atume nusu ya fedha sasa hivi. Namba anayopewa ni ya mtu binafsi, na jina linalojitokeza kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri si lile la kwenye tangazo. Anaambiwa kwamba hilo ni jina la mhasibu. Anatuma. Kesho yake simu haipatikani.

Katika kisa hicho kijana alipata nafasi tatu za kusimama. Ya kwanza ilikuwa haraka aliyotiwa. Ya pili ilikuwa namba binafsi badala ya namba ya malipo ya biashara. Ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ilikuwa lile jina. Mtandao wa simu humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kwa makusudi, ili asome na kulinganisha. Jina lisipofanana, msiweke namba ya siri.

Mkisha kutuma kwa makosa au kwa kulaghaiwa, pigeni simu kwa mtandao wenu papo hapo. Fedha ambayo mpokeaji hajaitoa ina nafasi ya kuzuiwa. Iliyokwisha kutolewa hurudi kwa shida. Namba za matapeli zinaweza kuripotiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, na utapeli ni jinai: toeni taarifa polisi.

Malipo ya awali yawe sehemu ndogo ya bei, na sehemu kubwa ilipwe huduma inapoanza. Daini risiti. Kauli ile ya kodi ya "ukinunua dai risiti" inamlinda pia mnunuzi, kwa maana risiti ndiyo shahidi asiyesahau.

Viingilio vya hifadhi vilipwe kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, wala visikabidhiwe mkononi kwa mtu yeyote. Ulizeni mapema viwango vya raia, muda wa kibali, na kama mwongozaji, gari na kupiga kambi vinalipiwa kando. Kwa Mkomazi waulizeni watumishi wa TANAPA. Kwa Chome na Shengena waulizeni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Raia hulipa kiwango cha chini kuliko mgeni, kwa hiyo kila mmoja abebe kitambulisho chake. Hakuna haja ya kumtumia dereva asiyejulikana picha ya kitambulisho hicho kwa simu.

Wapi pa kubana, wapi pasipobanwa

Bajeti ndogo inalazimisha kubana. Baneni penye usalama wa kubanwa.

Tarehe zinabanika. Siku za kati ya wiki, na nje ya sikukuu, vyumba hupatikana kwa mazungumzo. Mwisho wa Desemba, Wapare wa mijini wanaporudi nyumbani kusalimu wazee, nauli na vyumba huwa vya kugombea. Usafiri wa kufika Same unabanika pia: aliyeko Dar es Salaam alinganishe basi na treni. Treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilirejeshwa Desemba 2019, nayo njia yake hupita hapa. Aulizie stesheni kama ipo katika siku zake na inafika saa ngapi. Anayekuja kwa basi akate tiketi ofisini au kwa njia ya kielektroniki, yenye jina lake na namba ya kiti, asinunue kwa mpiga debe.

Chakula kinabanika bila mtu kulala njaa. Nunueni sokoni kabla ya kupanda. Mahindi na maharage ya makande hayatasumbua mfuko, na hakuna Mpare atakayewacheka. Tangawizi ya Mamba Myamba itawapa chai ya jioni, nayo fedha yake itabaki kwa mkulima. Nyumba za wageni za kijijini huwa nafuu, ila ulizeni kama maji ya moto, kifungua kinywa na mahali pa kuegesha gari vimo ndani ya bei.

Kuna mambo manne ambayo hayabanwi.

Dereva habanwi. Dereva aliyeendesha usiku kucha kutoka Dar es Salaam asipandishwe mlimani asubuhi ili kuokoa fedha ya kitanda kimoja. Gari la watu saba lisibebe kumi.

Mwongozaji habanwi. Msitu wa Chome una ukungu unaoshuka kwa ghafla, na njia za wakata mbao wa zamani hupoteza watu. Mwongozaji anayetambuliwa na wenye hifadhi anajua njia, tena malipo yake hubaki kijijini.

Mavazi hayabanwi. Aliyezoea joto la Same mjini haamini baridi ya Shengena mpaka imfike, hasa kati ya Juni na Agosti. Koti la mvua, sweta na viatu vya kukamata udongo vinaweza kuazimwa kwa ndugu, lakini viwepo.

Majira nayo hayafanyiwi mzaha. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya mwisho wa mwaka hulainisha barabara za milimani. Wengi wenu mnakumbuka Novemba 2009, maporomoko ya udongo yalipoua watu katika kijiji cha Goha, Mamba Myamba. Mvua ikizidi, safari iahirishwe, hata kama malipo ya awali yatapotea. Kwa sababu hiyo sharti la kuahirisha liandikwe ndani ya makubaliano: tarehe ihamishwe bila tozo pale barabara inapofungwa au hali ya hewa inapokuwa ya hatari. Mtoa huduma anayeijua milima hii atalikubali.

Mambo yakiharibika

Tuseme mmefanya yote na bado gari halikuja, au limekuja jingine bovu, au chumba mlichokilipia amepewa mtu mwingine. Mfanye nini?

Anzeni kwa muuzaji mwenyewe, kwa utulivu na kwa maandishi. Semeni mlichokubaliana, kilichotokea, mnachokitaka, na siku ya mwisho ya kujibu. Malalamiko mengi huishia hapo, kwa kuwa wafanyabiashara wengi wanathamini jina lao. Hifadhini ujumbe, risiti na picha, msifute kitu.

Asipojibu, nendeni kwa mamlaka inayomhusu: LATRA kwa basi na gari la abiria, wizara yenye dhamana ya utalii kwa mpangaji wa safari, Tume ya Ushindani kwa matangazo na mwenendo wa kupotosha walaji, ambao umekatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Madai ya fedha yanaweza pia kupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Na penye udanganyifu wa wazi, ni polisi, kwa namba 112.

Watani wetu husema kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Huwa tunacheka nao, na ndani ya utani huo kuna sifa tusiyopaswa kuionea haya: watu hawa hawakubali kudhulumiwa, hata kwa kitu kidogo. Mlaji wa aina hiyo ni msaada kwa soko zima, maana muuzaji aliyeulizwa leo hatamdhulumu mwingine kesho. Tunachoomba ni kwamba ukakamavu huo utangulie. Mpare aliyesoma masharti kabla ya kulipa hana haja ya kuuza ng'ombe. Anabaki na kuku na ng'ombe wote wawili, na marafiki zake.

Na ikiwa aliyekosea ni mmoja wenu, mweka hazina aliyepunguza au rafiki aliyejitoa, litoeni daftari kwanza kabla ya kutoa maneno. Penye hesabu iliyoandikwa, kosa huonekana ukubwa wake halisi, nalo mara nyingi ni dogo kuliko hasira. Mkirudi salama, kaeni mara moja zaidi: mweka hazina asome matumizi yote, akiba iliyobaki igawanywe au iwekwe kwa safari ijayo, na ashukuriwe mbele ya wote. Ndiva ikisafishwa baada ya matumizi, maji ya kesho yanakusanyika.

Tunawatakia safari njema. Kabla hatujaachana, hapa chini tumeweka maswali machache ya kubandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari la kundi.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kulipa

1. Je, kila mmoja ametaja kwa faragha kiwango chake cha juu, na mpango wetu haukizidi kile cha chini kuliko vyote?
2. Ni nani mweka hazina, ni nani mkaguzi, na daftari liko wapi?
3. Gharama zipi ni za pamoja, na zitakuwaje mmoja akijitoa?
4. Bei tuliyopewa haihusishi nini, na jibu hilo liko kwa maandishi?
5. Je, leseni, bima na jina la mpokeaji wa fedha tumevihakikisha?
6. Masharti ya kuahirisha na kurudishiwa fedha yanasemaje?
7. Akiba ya dharura imetengwa, na nani ana ruhusa ya kuitumia?
8. Nani nyumbani anajua njia yetu, jina la mwongozaji wetu na siku yetu ya kurudi?